Meupe Usiyaguse

Mimi ni mtu wa kushuku, na wala sijifichi. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata nikiamkiwa shikamoo, kabla ya kuitikia nauliza kulikoni. Wanangu wakija bila taarifa, hawajakaa vizuri nimeshawauliza nani amefariki. Tabia hii sikuzaliwa nayo. Niliipata Maganzo nikiwa na miaka tisa au kumi, nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba, kwenye bustani ya maua.

Wiki iliyopita mkwe wangu aliniletea miche ya maua kwenye kopo. Nilipokata jani moja na kulisugua vidoleni, ile harufu kali ilinipanda puani mpaka machozi yakanilenga. Ni yale maua ya manjano ambayo nyumbani tuliyaita mabangibangi, kwa sababu ya majani yake. Mkwe akaniuliza, "Mama, tuyapange kwa rangi au tuchanganye?" Nikamwambia asubiri kwanza. Nikaingia ndani nikakaa kitandani na kile kiganja changu puani, mtu mzima wa umri wangu, nikilia. Ndipo nikaona heri niliandike jambo hili nimalizane nalo: kwa mdomo wangu mwenyewe nilimtoa bibi yangu nyumbani kwake.

Bibi Minza hakuwa na tamaa nyingi. Alitaka kitu kimoja tu, aachwe aishi na afie kwenye nyumba aliyoijenga na Babu. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi, bati juu, uzio wa minyaa kuzunguka, na njia nyembamba kutoka langoni hadi mlangoni, kisha kutoka mlangoni hadi chooni. Pande zote mbili za njia hizo kulikuwa na maua. Wenzangu mliokulia Shinyanga mnajua hilo lilikuwa jambo la ajabu kiasi gani. Maji tuliyafuata lamboni, kwenye bwawa la kuchimbwa, nusu saa kwa mguu, na kiangazi kikiuma tulirudi na tope. Nani alikuwa na maji ya kunywesha kitu kisicholiwa? Watu walipanda mtama, viazi na pamba. Bibi yangu alipanda maua, akayanywesha maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea, na watu wakamwangalia kwa jicho la pembeni.

Mwenye maua alikuwa Babu. Maisha yake yote alifanya kazi ya bustani kwenye nyumba za wakubwa wa mgodi wa almasi, kilomita chache kutoka kwetu. Huko ndiko alikojifunza kupanga: marefu nyuma, ya kimo cha wastani katikati, mafupi mbele, na rangi zikae kwa makundi, zisizagae. Akija nyumbani alikuwa anabeba miche ikiwa na udongo wake mizizini. Getini walimpekua kila jioni, mdomoni, masikioni, hata chini ya kucha, lakini watu wa Maganzo waliapa kwamba walinzi hawakupekua udongo wa miche. Basi ikasemwa kwamba siku moja Babu alitoka na jiwe kwenye donge la udongo, akalipanda nyumbani pamoja na ua, akafa bila kulichimbua. Mimi nilikuta stori hiyo imeshakomaa. Kila mtoto wa pale aliijua.

Baba yangu alifanya kazi ya kupakia na kushusha mizigo stesheni ya reli, Isaka. Alikuwa amemwomba Bibi mara nyingi ahamie kwake, na Bibi alikuwa amekataa mara hizo hizo. "Nikitoka hapa nimekufa," alisema. "Mtakuwa mnalisha maiti." Mwisho Baba akapata njia ya katikati, akanipeleka mimi nikae naye na nisome huko huko. Siku aliyonifikisha, kabla hajapanda lori la kurudi, aliniita pembeni akachuchumaa mbele yangu.

"Mwangalie bibi yako," alisema. "Mwangalie vizuri. Ukiona jambo lolote lisilo la kawaida, nikija uniambie. Na yeye usimwambie nimekutuma."

Hakusema niangalie nini. Mtu mzima akimtuma mtoto kupeleleza bila kumwambia anapeleleza nini, mtoto atajaza mwenyewe. Na mahali penyewe palikuwa Maganzo, ambako mtu akiinama kufunga kamba ya kiatu, watatu wanasimama kutazama anaokota nini. Wachimbaji walipita barabarani na machekeche yao mgongoni, madalali walikaa vibandani wakinong'ona, na wageni wenye suruali safi walikuja na kuondoka bila kununua kitu. Tena ilikuwa miaka ile ya sabuni kwa foleni, watu wengi wamefukia vitu uani ili wasakaji wa walanguzi wasivione. Mtoto wa pale alijua kwamba ardhi ni mahali pa kuficha. Kwa hiyo nilipoambiwa nimwangalie Bibi, nilielewa bila kuelezwa. Baba alitaka nijue lile jiwe liko wapi.

Nikaanza kazi, na Bibi alinipa mengi ya kuangalia. Babu alikuwa ameacha bustani imepangwa vizuri: kanna nyekundu nyuma, zinia za zambarau na nyekundu katikati, mabangibangi mbele yake, na ukingoni kabisa mwa njia yale maua madogo yenye petali tano, ya pinki na meupe, ambayo watu wengi huyapanda makaburini kwa sababu hayafi kwa kiangazi. Kwa macho yangu ya kitoto hapakuwa na la kubadilisha. Lakini mvua za kwanza zilipoanguka, Bibi alitoka na jembe dogo.

"Leo tunahamisha zambarau," alisema.

"Zinaenda wapi, Bibi?"

"Nyuma, kwenye minyaa."

"Si zinapendeza hapa?"

"Zinapendeza kwako. Chimba."

Nikachimba. Tulizihamisha zote mpaka uzioni, ambako mtu hawezi kuziona ila akizifuata. Mwezi haukuisha, akasema nyekundu nazo ziondoke. Ilipokaribia mavuno, zamu ikawa ya pinki, akazing'oa moja moja kutoka pale ukingoni. Nilimwona akishika ua, analileta karibu na pua, analigeuza kwenye mwanga, kisha ananiuliza kama vile anacheza, akiniita mayu, yaani mama, kwa Kisukuma chake.

"Hebu mayu, hii rangi gani?"

"Pinki, Bibi."

"Na hii?"

"Nyeupe."

"Vizuri. Naona huko shule hamchezi tu."

Ya pinki yalienda uzioni, meupe yalibaki. Na pale pinki ilipotoka, alipanda meupe mengine, yakabanana mpaka njia nzima ikawa na mistari miwili myeupe toka langoni hadi mlangoni, na miwili mingine toka mlangoni hadi chooni. Msimu wa pili mabangibangi nayo yalirudishwa nyuma hatua moja. Niliona wazi kabisa kwamba rangi zote zinafukuzwa, moja baada ya nyingine, na meupe yanaletwa mbele kulinda kitu. Nilijiona mpelelezi hodari sana.

Kulikuwa na ishara nyingine. Tukienda kanisani au dukani, Bibi alinishika bega, vidole vyake vimezama kwenye mfupa, wala hakuniachia hata tukisimama kusalimiana na watu. Nilijua kwa nini: alihofia nitachomoka nikaseme. Tukifika langoni tu, ananiachia. Kuanzia hapo alitembea mwenyewe, upesi, kichwa kimeinama, akitazama maua meupe kama anayahesabu. Asubuhi alipita kila mstari na kuupapasa kwa unyayo, polepole, na penye pengo alisimama, akaniita nipande mche. Macho yake siku nyingine yalikuwa mekundu, na akiulizwa alisema utomvu wa mnyaa umemrukia. Akitoka alijifunga kanga hadi kwenye nyusi. Hata hilo nililitia kwenye hesabu yangu: mtu mwenye siri hapendi kutazamwa usoni.

Siku moja nilichuma ua moja jeupe nikalichomeka sikioni. Bibi yangu hakuwa mtu wa kelele, lakini siku hiyo alinifokea hadi majirani wakanyamaza.

"Nyekundu chuma mpaka uchoke! Manjano chuma! Meupe usiyaguse! Umesikia? Ukiniondolea meupe umeniua!"

Niliinamisha kichwa, ila ndani nilikuwa nashangilia. Nilishapajua mahali.

Baba alikuja mara mbili katika kipindi hicho, na mara zote aliniuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia Bibi anahamisha maua. Akacheka, akasema ndiyo urithi aliouacha mzee. Nilitaka kumwambia juu ya jiwe, lakini nilitaka kwanza nilione kwa macho yangu, nisije nikaonekana mwongo. Hapo ndipo ninapojilaumu hadi leo. Yale aliyotaka kuyasikia nilikuwa nayo yote mkononi. Bega nililoshikwa, rangi nilizoulizwa, macho mekundu, nyayo zinazopapasa. Kama ningemtajia moja tu, hata kwa bahati mbaya, angeelewa palepale. Nilimficha kwa sababu nilidhani ni ishara za kitu kikubwa zaidi.

Rafiki yangu alikuwa Shija, mtoto wa jirani, nyumba yao ikigusana na uzio wetu. Baba yake alikuwa mchimbaji, na kila wiki alikuwa amekaribia kupata. Shija alikuwa na ulimi wa kujisifu. Siku moja tulikuwa lamboni, ndoo zimejaa, tunapumzika kabla ya kujitwika, naye akaanza kunieleza kwamba baba yake ameona dalili, mchanga wenyewe umebadilika rangi, na wakipata watahamia Mwanza nyumba ya ghorofa.

"Sisi tunalo tayari," nikamwambia.

"Nini?"

"Jiwe la Babu. Liko chini ya maua meupe. Bibi analilinda."

Shija alinitazama. "Muongo wewe."

"Haki ya Mungu. Ndiyo maana meupe hayaguswi."

Nilipojitwika ndoo nilikuwa nimeshajuta, maana Shija alinyamaza njia nzima, na yeye hakuwa mtu wa kunyamaza. Nikamwapisha asiseme. Akaapa upesi mno.

Kuanzia hapo nilianza kuona mambo. Baba Shija, ambaye siku zote alimpita Bibi kama anapita kisiki, sasa alisimama uzioni kumwamkia. "Shikamoo Mama! Maua yamependeza mwaka huu!" Bibi aliitika marahaba, kisha akageukia upande wangu.

"Huyu amepatwa na nini?"

"Sijui, Bibi."

"Mtu ambaye hajawahi kuyaona maua yako, akianza kuyasifu, jiulize." Aliendelea kuchambua mboga, kisha akaniuliza Jumapili ni lini. Nikamwambia keshokutwa.

Jumapili hiyo tulienda misa kama kawaida, mimi mbele, mkono wake begani. Padri aliongea sana. Mimi sikusikia neno, kwa sababu familia ya Shija ilikuwa mstari wa mbele yetu, mama na watoto, na baba hayupo. Shija aligeuka mara moja akaniona, akageuka mbele haraka. Nilitaka kumwambia Bibi tutoke. Lakini ningesema kwa sababu gani? Nikakaa.

Tulirudi jua likiwa kali. Karibu na nyumbani niliona vumbi limetulia juu ya uzio wetu, na kabla sijajua la kufanya tukawa tumefika langoni. Bibi akaniachia bega, kama siku zote. Mimi nilikuwa nimeona. Njia haikuwepo. Pale penye mistari ya meupe palikuwa na mtaro mrefu wa kufika magotini, udongo umechekechwa ukakusanywa vichuguu, na maua yote, hata ya uzioni, yametupwa lundo moja, mizizi juu, yameanza kunyauka. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Sauti haikutoka, kwa sababu kusema "Bibi, simama" kungekuwa kukiri kwamba naelewa kilichotokea.

Bibi alitembea hatua zake za upesi, kichwa kimeinama. Hatua ya tatu alipunguza, akawa anatafuta kwa macho, kulia, kushoto. "Mbona..." alisema. Hatua ya tano akaanguka mtaroni kwa kishindo, mkono wake ukiwa chini yake, na nilisikia mfupa.

Mama Shija, aliyekuwa nyuma yetu njiani, alisikia kilio changu akaja mbio. Alimwinua Bibi, akamkalisha juu ya kichuguu cha udongo. Kanga ilikuwa imemtoka kichwani, na kwa mara ya kwanza jua lilimwangaza uso mzima, macho mekundu yanayotazama pasipo kitu. Mama Shija akamwangalia. Kisha akainua kiganja na kukipitisha mbele ya macho hayo, huku na huku, taratibu. Bibi hakupepesa.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Kwani huoni?"

Bibi aliupapasa udongo kwa mkono mzima, akakuta ua moja, akalishika. Kisha akaita jina langu.

"Nani amechimba hapa?"

"Sijui, Bibi."

"Nani aliwaambia wachimbe kwenye meupe?"

"Sijui."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, wala hakukasirika. Nilitamani anipige.

Aliyechimba hakuhitaji kutafutwa. Uzio upande wa kina Shija ulikuwa umevunjwa kwa haraka, minyaa inadondosha utomvu mweupe, na kesho yake Baba Shija alionekana na kitambaa jichoni. Alipolifunua lilikuwa jekundu kama nyanya, limevimba, linatiririka. Alisema mdudu. Watu wote walijua ni mdudu wa aina gani, na watu wote walimwambia pole. Wengine walimpelekea dawa. Nimelikumbuka jicho lile maisha yangu yote, kwa sababu wiki ile ile macho ya bibi yangu nayo yalikuwa yanazungumzwa, na kwake hakuna aliyesema pole.

Mwanamke mzee mwenye macho mekundu, kwetu enzi zile, hakuambiwa anaumwa. Aliitwa jina lingine, mchawi. Wapo walioitwa jina hilo wakauawa, kila mmoja alijua, na hakuna aliyeona. Ndani ya siku nne wanawake walikuwa wanawavuta watoto wao Bibi akitoka mlangoni. Maua yake sasa yalipata maana mpya: kumbe hakuficha almasi, alikuwa anapanda maua ya makaburini mlangoni kwake. Mama Shija, ambaye mumewe ndiye aliyetuchimbia mtaro, nilimsikia mwenyewe akisema uzioni, "Lisemwalo lipo."

Jioni moja wakati namfunga Bibi kitambaa cha kuning'iniza mkono uliovunjika, nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Nimwambie nani? Hawa? Au baba yako anibebe kama gunia?" Alinyoosha uso wake upande wa mlango. "Zambarau iliondoka kwanza. Nikaona nisilie, niisogeze tu isinichanganye. Ikaja nyekundu. Babu yako alikuwa anasema meupe ndiyo yanayokaa mwisho jioni, giza likiingia. Nikasema basi, na yanikalie. Nilikuwa bado nayaona, mayu. Kama maziwa yaliyomwagika chini, lakini nayaona. Nilikuwa naishi."

Nilijikaza nisilie, nikashindwa.

Baba alipopata habari, alifika Jumamosi. Hakuuliza mengi. Alimtazama mama yake, akatazama mtaro, akatazama watu waliosimama barabarani wakituangalia, akasema tunaondoka kesho. "Mficha maradhi kifo humuumbua, Mama," alisema, na Bibi akajibu kwamba kifo chake yeye alikuwa ameshakipangia mahali. Kisha Baba akanitoa nje.

"Nilikwambia umwangalie."

"Nilimwangalia, Baba."

"Macho! Nilitaka uniangalizie macho yake!"

"Hukusema macho."

Akarudi ndani. Nadhani na yeye alijilaumu hadi alipokufa, maana jambo hilo hakulirudia tena. Hospitali ya misheni tulikompeleka baadaye, daktari alisema ugonjwa ni wa muda mrefu na kilichokwenda hakirudi. Angeletwa mapema, alisema, sehemu ingeokolewa. Bibi alisikiliza akitikisa kichwa kwa adabu, kama anayesimuliwa habari za mtu mwingine.

Siku ya kuondoka, wakati Baba anapakia godoro, mimi nilienda kwenye lundo la maua yaliyokauka. Nilivunja vile vifuko vyembamba vya mbegu, nikazifunga mbegu kwenye ncha ya gauni langu. Ni mbegu nyeusi ndogo sana kama punje za baruti, na zote zinafanana. Hakuna aliyeniona.

Nyumba ya Isaka ilikuwa ya chumba na sebule, uani kuna vumbi na kokoto za reli. Bibi aliwekewa kiti mlangoni. Hapo alikaa. Akitaka kwenda chooni aliita, na mara nyingine hakuita, akajizuia hadi mama yangu alipokumbuka kumwuliza, na hiyo aibu niliiona usoni mwake kila siku. Hata meupe yalikuwa yameshamwondoka sasa. Nilisubiri mvua, nikachimba mistari miwili kutoka kwenye kiti chake hadi chooni, nikapanda mbegu zangu kwa kubananisha, kama alivyonifundisha. Nilibeba maji kuliko nilivyowahi kubeba Maganzo. Yalipoota na kufika kimo cha kifundo cha mguu, nikamshika mkono, nikamsimamisha katikati.

"Sikiliza kwa miguu, Bibi."

Akavua kandambili. Akapapasa kulia, majani. Akapapasa kushoto, majani. Akatembea peke yake hadi chooni na kurudi, na aliporudi alikuwa anatabasamu kwa hasira, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kikiwa kimechakaa. Kuanzia siku hiyo hakuita mtu tena.

Lakini yalipochanua, yalikuwa pinki. Yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Baba Shija alikuwa amechimba bustani nzima mpaka uzioni, na kumbe upande wa lundo niliochuma ulikuwa wa yale ya uzioni. Niliyaangalia asubuhi ile nikajisikia kama nimemkosea mara ya pili. Bibi akasikia nimesimama.

"Yamechanua?"

"Ndiyo, Bibi."

"Rangi gani?"

"Meupe," nikasema. "Meupe yote."

"Vizuri," akasema.

Siku mbili zikapita. Mchana wa siku ya tatu nilimkuta ameketi kitini na ua moja kiganjani, petali tano. Aliniita nikae chini karibu naye. Bibi yangu naye alikuwa mtu wa kushuku, msidhani nilikookota tabia hii ni mbali.

"Nimemwuliza mama wa jirani," alisema. "Ni pinki."

Treni ya mizigo ilipita, tukasubiri iishe.

"Huu uongo nimeupenda," akasema. "Ule wa Maganzo sikuupenda."

Nililaza kichwa changu kwenye mapaja yake nikalia kilio ambacho nilikuwa nakidaiwa tangu Jumapili ile, na nikamwambia yote, Shija, lambo, jiwe, Baba kunituma, namna nilivyofungua mdomo langoni na sauti ikakataa. Aliniacha nimalize. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwuliza. Aliposikia nimenyamaza alitafuta bega langu, akaweka mkono wake pale pale alipozoea kuuweka.

"Haya, nipeleke," alisema. "Njia nzima uniambie rangi. Safari hii sema kweli."